Kiti Kikiwa Wazi Mahakama ya Juu: Jaji Hupatikanaje, na Mkaazi Ana Nafasi Gani?

Jumatano tarehe 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio wa urais, macho ya Wakenya yalikuwa kwenye runinga. Mahakama ya Juu ilitarajiwa kusikiliza kesi iliyotaka uchaguzi huo uahirishwe. Saa ilipofika, David Maraga, aliyekuwa Jaji Mkuu wakati huo, alitangaza kwamba ni yeye na Jaji Isaac Lenaola pekee waliofika. Wenzao hawakuwepo kwa sababu mbalimbali. Katiba inataka majaji watano ndipo mahakama hiyo iketi. Kesi haikusikilizwa, na kesho yake kura zikapigwa.

Siku hiyo viti vilikuwa na wenyewe, ila wenyewe hawakufika. Je, inakuwaje pale ambapo kiti hakina mwenyewe kabisa, kwa sababu jaji amestaafu, amejiuzulu, ameondolewa au amefariki? Nani humtafuta mwingine? Rais humchagua anayemtaka? Na sisi wakaazi wa kaunti, tulio mbali na majengo ya mahakama hiyo jijini Nairobi, tuna la kusema?

Somo letu la uraia katika toleo hili linajibu maswali hayo. Jambo moja tunaomba ulishike tangu mwanzo: kiti cha Mahakama ya Juu si zawadi ya mtu mmoja. Hupitia mikono kadhaa, na katika safari hiyo mwananchi ana mlango wake. Mlango huo haukai wazi muda mrefu.

Mahakama hii inatuhusu vipi?

Wengi wetu huikumbuka Mahakama ya Juu kila baada ya miaka mitano, kesi ya urais inapowasilishwa. Ni kweli kwamba ni mahakama hiyo pekee inayosikiliza kesi ya kupinga matokeo ya urais. Kesi huwasilishwa ndani ya siku 7 baada ya mshindi kutangazwa, na uamuzi hutolewa ndani ya siku 14 tangu kesi ilipowasilishwa. Lakini kazi yake haiishii hapo.

Kesi ya kupinga uchaguzi wa gavana huanzia Mahakama Kuu, inaweza kwenda Mahakama ya Rufaa, na inaweza kufika Mahakama ya Juu. Ikifika hapo imefika mwisho. Uamuzi wa Mahakama ya Juu hufuatwa na mahakama nyingine zote nchini, hadi ile ya hakimu iliyo karibu nawe.

Tena, Kifungu cha 163 cha Katiba kinairuhusu serikali ya kaunti kuomba ushauri wa mahakama hiyo kuhusu jambo lolote linalohusu serikali za kaunti. Mnamo Mei 2020, kwa ombi la Baraza la Magavana na kaunti zote 47, mahakama ilitoa ushauri kuhusu mvutano wa Bunge la Kitaifa na Seneti juu ya mgao wa fedha za kaunti. Fedha hizo ndizo zinazonunua dawa za zahanati na kulipa walimu wa chekechea. Kwa hivyo, nani anaketi katika mahakama ile ni jambo linalofika hadi kijijini.

Hesabu ya saba na tano

Mahakama ya Juu ina majaji saba: Jaji Mkuu, ambaye ndiye rais wa mahakama hiyo, Naibu Jaji Mkuu, na majaji wengine watano. Akidi, yaani idadi ya chini inayohitajika ili mahakama iketi, ni majaji watano. Ukitoa tano kwa saba, unabaki na wawili. Akiba ya nchi ni hao wawili tu.

Akiba hiyo imewahi kuisha. Mnamo Juni 2016 viti vitatu vilibaki wazi kwa wakati mmoja. Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi walitoka baada ya mvutano mrefu mahakamani kuhusu umri wa kustaafu. Wao walikuwa wameteuliwa kuwa majaji chini ya Katiba ya zamani, iliyoruhusu jaji kuhudumu hadi miaka 74. Mahakama ikaamua kwamba umri wa miaka 70 uliowekwa na Katiba ya 2010 unawahusu pia. Mwezi huohuo Jaji Mkuu Willy Mutunga alistaafu mapema, mwaka mmoja kabla ya kutimiza miaka 70, ili atakayemrithi apate muda wa kujiandaa kabla ya uchaguzi wa 2017. Wakabaki majaji wanne. Akidi haikuwezekana hadi viti vilipojazwa Oktoba 2016 kwa kuapishwa kwa David Maraga kuwa Jaji Mkuu, Philomena Mwilu kuwa Naibu wake, na Isaac Lenaola kuwa jaji.

Mwaka uliofuata ulionyesha umuhimu wa akiba hiyo. Kesi ya urais ya 2017 ikiendelea, jaji mmoja aliugua na uamuzi ukatolewa na majaji sita. Kama viti vitatu vya 2016 vingekuwa bado wazi, mahakama isingeweza hata kuanza kuisikiliza.

Hali kama hiyo ilikaribia tena. Jaji Jackton Ojwang alistaafu Februari 2020, na Jaji Mkuu Maraga akastaafu Januari 2021. Wakabaki watano, yaani idadi kamili ya akidi bila hata mmoja wa ziada. Kwa miezi minne, homa ya jaji mmoja ingetosha kusimamisha kazi ya mahakama. Mnamo Mei 2021 Martha Koome aliapishwa kuwa Jaji Mkuu na William Ouko akaapishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Mahakama ikatimia. Kesi ya urais ya 2022 ilipofika, majaji wote saba waliketi.

Kiti hubaki wazi kwa njia gani?

Ya kwanza ni umri. Jaji hustaafu akitimiza miaka 70, na anaweza kuchagua kustaafu wakati wowote baada ya kutimiza miaka 65.

Ya pili ni muhula. Hii inamhusu Jaji Mkuu peke yake, ambaye hashiki wadhifa huo zaidi ya miaka 10. Muhula ukiisha kabla hajafika miaka 70, anaweza kubaki kama jaji wa kawaida wa Mahakama ya Juu, hata kama idadi itazidi saba.

Ya tatu ni kujiuzulu, kwa barua anayomwandikia Rais.

Ya nne ni kifo.

Ya tano ni kuondolewa. Katiba inataja sababu: kushindwa kufanya kazi kutokana na hali ya mwili au akili, kukiuka kanuni za maadili, kufilisika, kutoimudu kazi, au utovu mkubwa wa nidhamu. Rais hawezi kumfuta jaji. Bunge nalo haliwezi. Hatua hiyo huanzishwa na Tume ya Huduma za Mahakama, inayojulikana kwa ufupi kama JSC, ama kwa hiari yake yenyewe au kwa malalamiko ya maandishi ya mtu yeyote. Ndiyo, mtu yeyote. Tume ikiridhika kwamba kuna msingi, humpelekea Rais malalamiko hayo, naye ana siku 14 za kumsimamisha jaji na kuunda jopo la uchunguzi.

Njia hii imewahi kutumika. Naibu Jaji Mkuu wa kwanza chini ya Katiba mpya, Nancy Baraza, alichunguzwa baada ya kisa kati yake na mlinzi wa jumba moja la biashara jijini Nairobi mwishoni mwa 2011. Jopo lilipendekeza aondolewe, naye akajiuzulu Oktoba 2012. Malalamiko ya mlinzi wa langoni yalimgusa mtu wa pili kwa ukubwa katika idara ya mahakama.

Safari ya kujaza kiti, hatua kwa hatua

*Hatua ya 1: Tangazo.* Nafasi ikitokea, au ikijulikana kwamba inakaribia kutokea, tangazo hutolewa katika Gazeti rasmi la Serikali, magazetini na kwenye tovuti ya JSC. Umri wa kila jaji unajulikana, kwa hivyo kustaafu hakupaswi kumshtua mtu.

Endapo kiti kilicho wazi ni cha Jaji Mkuu, Naibu Jaji Mkuu hushikilia kwa muda. Ndivyo alivyofanya Jaji Mwilu kati ya Januari na Mei 2021.

*Hatua ya 2: Maombi.* Anayetaka kiti hutuma maombi mwenyewe. Lazima awe na elimu ya sheria inayotambuliwa, tajriba ya angalau miaka 15, na awe mtu mwadilifu asiyependelea upande. Tajriba hiyo si lazima iwe ya ujaji. Inaweza kuwa ya uhakimu, uwakili, ualimu wa sheria chuoni au kazi nyingine ya kisheria. Dkt Mutunga hakuwa amewahi kuwa jaji alipoteuliwa Jaji Mkuu mwaka 2011.

*Hatua ya 3: Majina kutangazwa.* JSC huchapisha majina ya walioomba na ya waliochaguliwa kuhojiwa, kisha huwaalika wananchi kutoa habari walizo nazo kuwahusu. Huu ndio mlango tuliotaja hapo mwanzo. Tutaurudia.

*Hatua ya 4: Mahojiano ya hadharani.* Mwaka 2011 nchi nzima ilishuhudia kwa mara ya kwanza watu wanaotaka kuwa Jaji Mkuu wakihojiwa mbele ya kamera. Hapo awali majaji waliteuliwa bila mwananchi kusikia swali hata moja. Siku hizi si ajabu tena, lakini tusisahau tulikotoka.

*Hatua ya 5: Pendekezo.* Baada ya mahojiano, JSC huketi na kuchagua jina moja kwa kila kiti kilicho wazi, kisha hulituma kwa Rais.

*Hatua ya 6: Bunge la Kitaifa.* Hatua hii ni ya Jaji Mkuu na Naibu wake pekee. Wabunge humhoji aliyependekezwa kupitia kamati, kisha Bunge zima huamua kumuidhinisha au kumkataa. Majaji wengine watano hawapiti Bungeni.

*Hatua ya 7: Uteuzi na kiapo.* Rais humteua rasmi, jaji anakula kiapo, na kiti kimepata mwenyewe.

JSC ni akina nani?

Kwa kuwa tume hii ndiyo yenye kauli kubwa, ni vyema kuwajua wanachama wake. Ni 11: Jaji Mkuu ambaye ni mwenyekiti, jaji mmoja wa Mahakama ya Juu na mmoja wa Mahakama ya Rufaa, kila mmoja akichaguliwa na majaji wenzake, jaji mmoja wa Mahakama Kuu na hakimu mmoja, mwanamke na mwanamume, Mwanasheria Mkuu, mawakili wawili, mwanamke na mwanamume, wanaochaguliwa na mawakili wenzao, mtu mmoja kutoka Tume ya Utumishi wa Umma, na wawakilishi wawili wa wananchi, mwanamke na mwanamume, ambao ni lazima wasiwe wanasheria.

Hao wawili wa mwisho ni wa kwetu, na nafasi yao si ya kupamba meza. Katika mahojiano ya Aprili 2021 ya kumtafuta Jaji Mkuu, aliyeongoza kikao alikuwa Profesa Olive Mugenda, mmoja wa wawakilishi wa wananchi.

Je, Rais anaweza kukataa jina?

Hili ndilo swali ambalo limezua mjadala mwingi zaidi. Kifungu cha 166 kinasema Rais huteua majaji kwa kufuata pendekezo la JSC. Mwaka 2015 sheria ilibadilishwa ili JSC imletee Rais majina matatu ya Jaji Mkuu na matatu ya Naibu wake, achague mwenyewe. Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani, na Mei 2016 majaji watano wa Mahakama Kuu wakayafuta mabadiliko hayo. Jina likabaki moja.

Mvutano mwingine ulihusu majaji wa mahakama za chini ya hiyo. Mwaka 2019 JSC ilipendekeza majina 41. Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba Rais hana uwezo wa kukataa majina hayo. Hata hivyo, ni Juni 2021 ambapo Rais Uhuru Kenyatta aliteua 34, akiacha sita. Mmoja wa waliopendekezwa alikuwa amefariki. Sita hao waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022. Sheria ilisema jambo moja, na watu wakangoja zaidi ya miaka mitatu. Katika muda huo wote kesi za ardhi, za kazi na za rufaa zilikuwa zikirundikana mbele ya majaji wachache waliokuwepo.

Nafasi yako, mkaazi

Gavana hana kura katika uteuzi huu. Bunge la Kaunti halina. Seneta wako pia hana, kwa sababu Katiba imetaja Bunge la Kitaifa peke yake. Wanaopiga kura kuhusu Jaji Mkuu na Naibu wake ni mbunge wa eneo bunge lako na mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Ukiwa na maoni, hao ndio wa kuwapelekea.

Wewe mwenyewe una njia tatu.

Kwanza, iandikie JSC majina yanapotangazwa. Anwani na siku ya mwisho huwa kwenye tangazo lenyewe. Si lazima uwe msomi wa sheria. Kinachotakiwa ni ukweli unaoweza kuthibitishwa. Ukiandika, "Huyu si mtu mzuri," barua yako haina uzito. Ukiandika, "Katika kesi nambari hii, katika mahakama hii, tulingoja hukumu kwa miaka mitatu, na nakala za tarehe tulizopewa nimeambatisha," umewapa makamishna swali la kumuuliza mhusika. Habari njema nazo hupokelewa: kama unajua jaji au wakili aliyewatendea haki wanyonge bila kutafuta sifa, sema.

Tahadhari moja: kushindwa kesi peke yake si lalamiko dhidi ya jaji. Usiporidhika na hukumu, dawa yake ni rufaa.

Pili, kwa Jaji Mkuu na Naibu wake, peleka ushahidi kwa Karani wa Bunge la Kitaifa kabla ya siku ya mahojiano ya Bunge. Sheria inataka umma ujulishwe kuhusu mahojiano hayo angalau siku 7 kabla. Ushahidi wa kupinga huwa wa maandishi na chini ya kiapo, kwa hivyo utahitaji hati ya kiapo kutoka kwa kamishna wa viapo, ambaye mara nyingi ni wakili.

Tatu, baada ya jaji kuapishwa, umebaki na haki ya kupeleka malalamiko JSC ikiwa kuna sababu mojawapo ya zile zilizotajwa na Katiba.

Sasa tazama tofauti kati ya njia hizo. Anayetafutiwa kiti cha Jaji Mkuu hupita milango miwili ambapo mwananchi anaweza kusema: JSC na Bunge. Wale majaji watano wengine hupita mmoja tu, JSC. Siku za kutoa maoni zikipita, nafasi ya kusema kabla hajaapishwa imekwisha. Kinachobaki ni malalamiko ya kumwondoa, na huo ni mlima mrefu zaidi kuupanda.

Jipime

1. Majaji wangapi wanatosha kuketi Mahakama ya Juu? *Watano kati ya saba.*

2. Jaji wa kawaida wa Mahakama ya Juu anahitaji kura ya Bunge? *Hapana. Ni Jaji Mkuu na Naibu wake pekee.*

3. Je, mkulima au mchuuzi anaweza kulalamika dhidi ya jaji? *Ndiyo, kwa maandishi, kwa JSC, akieleza sababu na ukweli wa mambo.*

4. JSC humpelekea Rais majina mangapi kwa kiti kimoja? *Moja.*

5. Seneta hupiga kura kumuidhinisha Jaji Mkuu? *Hapana.*

Kabla ya 2027

Uchaguzi Mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Huenda kesi ya urais ikawepo, huenda isiwepo. Zikiwepo kesi za ugavana, baadhi zitapanda ngazi hadi juu. Wakati huo hautakuwa wa kuuliza majaji ni akina nani na walifikaje pale. Swali hilo huulizwa mapema, majina yanapochapishwa na mahojiano yanapoendelea.

Kwa hivyo, ukiona tangazo la JSC gazetini au ukilisikia redioni, usifunge ukurasa wala kubadilisha stesheni ukidhani ni la mawakili. Lisome. Lijadilini kwenye chama, barazani, au mkisubiri mkutano wa wadi uanze. Kama kuna jambo unalolijua, liandike na ulitume kabla ya siku ya mwisho. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Tarehe 25 Oktoba 2017 tuliona inavyokuwa majaji wasipokuwepo. Zamu ya mwananchi ikifika, naye asikose.